USO KWANZA, SHATI BAADAYE
Somo la kupiga picha kwa wanaoanza



Kila mwaka ifikapo Septemba na Oktoba, shule nyingi za sekondari za upande wetu hufanya mahafali ya kidato cha nne, kabla vijana hawajaingia katika mtihani wa Taifa wa mwezi Novemba. Siku hiyo mashati meupe hupigwa pasi mpaka yasimame yenyewe, viatu hung'arishwa, wazazi huja na mashada ya kuvisha shingoni, keki hukatwa, na pale mkuu wa shule anaporuhusu, vijana hupata saa chache za dansi jioni. Ndipo kila mtu hutafuta mpiga picha. Na kwa kuwa wenye studio ni wachache, kazi humwangukia kaka mwenye simu nzuri, shangazi aliyetoka mjini, au kijana wa kwaya aliyenunua kamera kuukuu na bado anajifunza vitufe vyake.

Somo hili tumewaandikia hao. Hatutazungumza habari za kamera za bei kubwa, wala hatutataja maneno ya kitaalamu yasiyo na lazima. Tunataka jambo moja litoke vizuri: uso wa kijana uonekane, na uonekane kama ulivyo.

Nyakanazi ni njia panda. Magari ya Kigoma, ya Mwanza, ya Dar es Salaam na yale ya kwenda Rusumo hupita hapa mchana na usiku, na familia zetu nazo zimetawanyika kwa kuzifuata barabara hizo. Mtoto anasoma hapa, baba yuko Runzewe kwa shughuli zake, bibi yuko Kakonko au Ngara. Jamaa wengi hawafiki kwenye mahafali. Kinachowafikia ni picha, iliyotumwa kwa simu au iliyopewa utingo wa basi ndani ya bahasha. Bibi akiishika picha hiyo hatazami jukwaa wala mapambo. Anatafuta uso wa mjukuu. Na mara nyingi anachokikuta ni shati linalong'aa kama bati jipya, na juu ya shati hilo giza lenye meno.

Kwa nini uso huwa giza

Watu husema, "Huyu picha hazimpendi," au vibaya zaidi, "Huyu ni mweusi mno." Tumesikia maneno hayo yakisemwa mbele ya binti mwenyewe, na tumeona mabinti ambao baada ya kuchekwa hujificha nyuma ya wenzao kila kamera inapotolewa. Basi tuseme waziwazi: kosa si la ngozi yake. Kosa ni la kipimo, na kipimo kinaweza kurekebishwa na mtu yeyote mwenye kidole.

Ndani ya kila kamera, hata ile ya simu, mna kipimo cha mwanga. Kazi yake ni kuamua mwanga kiasi gani uingie. Kwa asili yake kipimo hiki hakijui uso ni nini wala shati ni nini. Huchanganya mwanga wote ulio mbele yake, wa vitu vyeupe na vya giza, kisha hukadiria ili jumla yake itoke kama kijivu cha katikati. Mbele yake pakiwa na vitu vya kila namna, hesabu hutoka vizuri. Lakini wapange vijana 20 wenye mashati meupe mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, na juu yao anga. Kipimo kinaona weupe kila mahali, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza. Mashati yanatoka safi. Nyuso ndizo zinazoumia.

Simu za siku hizi zimefundishwa kutafuta nyuso, nazo hujitahidi. Hata hivyo mkiwa na weupe mwingi hudanganyika zile zile.

Tena, katika safu moja ya vijana wetu mna rangi nyingi, toka maji ya kunde hadi weusi ulioiva. Kamera ikipunguza mwanga, yule wa maji ya kunde bado ataonekana, na yule aliyeiva zaidi atapotea kabisa. Kwa kuwa hawaharibikiwi sawasawa, lawama humwendea mtu badala ya chombo.

Jambo hili halikuanzia Nyakanazi. Kampuni ya Kodak ya Marekani, iliyouza filamu karibu dunia nzima, ilikuwa ikipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya kulinganishia rangi. Kwenye kadi hiyo alikuwamo mwanamke mweupe, na kadi zenyewe ziliitwa "Shirley" kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyetumiwa mwanzoni. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley itoke vizuri, na hapo mashine ilihesabiwa kuwa sawa kwa watu wote. Lorna Roth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Concordia huko Canada, aliichunguza habari hii na kuichapisha mwaka 2009. Mtu aliyewahi kusimamia studio za utafiti za Kodak alimweleza kwamba walioisukuma kampuni iboreshe filamu yake kwa rangi za giza walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Hao walilalamika kwamba picha hazionyeshi tofauti ya chokoleti moja na nyingine, wala ya mbao moja na nyingine. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watoto. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilitoka katika miaka ya 1990.

Tangu hapo mambo yamesogea. Simu za Tecno zilipata wanunuzi wengi Afrika kwa sehemu kwa sababu kamera zake zilitengenezwa kwa kufikiria ngozi nyeusi, na mwaka 2021 Google nao walitoa simu waliyosema imerekebishwa kwa ajili hiyo. Ni habari njema, lakini shati jeupe bado ni shati jeupe, na mpiga picha asiyejua ataharibu hata kwa simu hiyo.

La kufanya

Kabla ya yote, futa kioo cha kamera. Barabara zetu zina vumbi, mifuko yetu ina vumbi, na vidole vina mafuta. Kioo chenye mafuta hufanya mwanga usambae kama ukungu, kisha mtu husema simu yake ni mbovu. Tumia kitambaa laini cha pamba, kikavu na safi. Pindo la fulana lenye mchanga litakwaruza.

Sasa mwelekeze kijana kamera, na uguse uso wake kwenye kioo cha simu. Hapo unaiambia simu: pima hapa, usipime kwenye shati. Katika simu nyingi ukishikilia kidole kidogo, kipimo hufungwa na hakibadiliki tena mpaka ukifungue. Na pembeni hutokea alama ndogo ya jua au mstari wa kuteleza. Telezesha juu, picha inaongezeka mwanga. Telezesha chini, unapungua. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo hili, na wenye simu wengi hawajawahi kuligusa.

Lakini msipitilize. Kipimo kikiwekwa juu ya uso mweusi peke yake, simu nyingine hutaka kuufanya huo nao uwe kijivu. Uso hutoka kama uliopakwa jivu, na shati hupoteza mikunjo yake yote likawa karatasi. Hapo teremsha kidogo. Mtajuaje kwamba mmefika? Tazameni paji la uso na mfupa wa shavu. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: pale mwanga unapogonga pawe na mng'ao mdogo, na pale panapoingia ndani pawe na kivuli chenye rangi, kivuli ambacho bado unaweza kuona ngozi ndani yake. Mkiyaona hayo mawili, pigeni. Mikunjo ya shati ikipotea kidogo hatutahuzunika. Hakuna bibi anayeuliza habari za mikunjo.

Wenye kamera watafute kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa mashati meupe mbele ya ukuta mweupe, anzeni na kujumlisha 1, maana yake mwanga mara mbili ya ule ambao kamera ingeuchagua, kisha mrekebishe kwa kutazama. Kijana akisimama mbele ya mlango wa darasa lenye giza, mambo hugeuka: kamera inaona giza jingi, inaongeza mwanga, uso unakwajuka. Hapo toeni.

Tuseme na juu ya kile kitufe cha urembo. Simu nyingi huja na kitu cha kulainisha na kung'arisha uso, na mara nyingine kimewashwa tangu dukani. Matokeo yake binti anatoka mweupe kuliko mama yake mzazi, pua imechongwa, na kovu alilolipata utotoni limefutwa. Kuna wanaofurahi kwa siku ile. Sisi tunasema kizimwe. Binti aliyeambiwa na watu kwamba ni mweusi mno hapaswi kuambiwa hivyo na simu pia.

Jua letu na saa zetu

Hapa kuna jambo la mahali petu ambalo vitabu vya ng'ambo haviwezi kuwaambia. Nyakanazi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa Ikweta. Kwa sababu hiyo, mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba, yaani katika majira yale yale ya mahafali, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Jua la namna hiyo ndilo adui wa nyuso. Linapiga paji la uso na ncha ya pua, na macho yanabaki kwenye mashimo mawili meusi. Kijana mwenye macho mazuri anatoka kama aliyelia usiku kucha.

Saa ya jua hilo nayo ni ya kwetu. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini sisi tuko mbali magharibi, kwa hiyo jua hutufikia kama nusu saa baada ya Dar es Salaam. Katika majira hayo jua letu linakuwa utosini saa 7 kasoro robo mchana, wala si saa 6. Na linazama karibu na saa 12 na dakika 45 jioni. Kwa hiyo mpiga picha wa huku amepewa jioni ndefu kidogo kuliko mwenzake wa pwani, naye aitumie.

Kwa kawaida sherehe huchelewa, hotuba huongezeka, na vyeti hugawiwa mchana wa jua kali. Hilo hamliwezi. Pigeni picha za vyeti kama zilivyo. Lakini picha ya kijana mmoja mmoja, ile ya kupelekwa nyumbani, isipigwe saa hiyo. Mwambieni asubiri. Kuanzia saa 11 jioni jua limeteremka, mwanga unakuja kwa ubavu, una rangi ya asali, na unaingia ndani ya macho. Toka hapo mpaka saa 12 na nusu ndiyo saa yenu. Baada ya jua kuzama giza letu halikawii. Mna dakika 20 hivi za mwanga wa buluu, kisha kwisha.

Kama hakuna namna na ni lazima mpige mchana, tafuteni baraza. Baraza la darasa lenye paa la bati ni studio kamili isiyolipiwa. Msimamishe kijana ndani ya kivuli, hatua moja tu kutoka ukingoni, akitazama nje kwenye uwanja. Mwanga wa anga nzima unamfikia usoni kwa upole, wala jua halimgusi. Ninyi simameni nje, au kandokando. Ukuta mweupe ulio upande wake utamrudishia mwanga kwenye shavu la pili. Ukuta wa kijani utamrudishia ukijani, kwa hiyo uepukeni. Mavumbi mekundu ya uwanja nayo hurudisha wekundu chini ya kidevu. Kwa kweli hatuoni ubaya wake, kwani hupasha uso joto. Asiye na ukuta mweupe achukue shuka jeupe, watu wawili walishike kifuani mwao upande wenye jua, hata mwanga wake umwangukie kijana. Bei yake ni sabuni ya kulifulia baadaye.

Chini ya mwembe je? Watu hupapenda kwa ubaridi wake. Lakini majani hupitisha jua vipande vipande, na kijana hutoka na madoa kama chui. Kivuli cha jengo kinashinda kivuli cha mti.

Siku ya mawingu msinung'unike. Katika miezi hiyo mvua za vuli zinaanza, na wingu jepesi lililotanda ni kama shuka moja kubwa lililotandazwa na mtu asiyedai malipo. Pigeni popote, ila msiingize anga nyingi kwenye picha.

Vijana wenyewe

Kijana wa miaka 17 ni mgumu kupigwa picha kuliko mtoto na kuliko mzee. Mtoto hajali, mzee amekwisha kujikubali. Kijana anajiuliza kila dakika mikono aiweke wapi. Basi mpeni kitu cha kushika: cheti, kitabu, mkono wa rafiki, pindo la koti. Msimwambie "cheka." Akicheka kwa amri, mdomo hucheka na macho hukataa. Mwulizeni ni nani atakayeanza kucheza dansi, au mwalimu gani hawezi kucheza hata kidogo, kisha pigeni wakati anajibu.

Mpiga picha akiwa mtu mzima na aseme, "Mwanangu, inua kidevu kidogo." Akiwa kijana na mbele yake wamesimama wazazi, aanze na shikamoo, hata kama foleni ni ndefu. Watu waliosalimiwa husimama vizuri.

Msimkaribie mtu mpaka uso wake ujae kwenye simu. Pua itakua na masikio yatakimbilia nyuma. Simameni hatua mbili au tatu. Na nyuma yake paangaliwe: nguzo isiote kichwani, kamba ya nguo isipite shingoni, choo cha shule kisiwepo. Kanga au kitenge kilichotundikwa ukutani kinatosha kuficha mengi.

Katika jambo hili tunaye mwalimu mzuri, Seydou Keïta wa Bamako, nchini Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alipiga picha uani kwa mwanga wa mchana, akitundika nyuma ya watu vitambaa vya maua, na kwanza kabisa alitumia kitambaa cha kitandani mwake mwenyewe. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu kwa kila mteja. Alichukua muda wake wote kabla ya kubonyeza: anageuza bega, ananyosha mkono wa nguo, anasogeza kidevu. Picha zake sasa zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Simu yaweza kubeba picha maelfu, na ndiyo sababu wengi wetu tunabonyeza mara 40 bila kutazama hata mara moja.

Mashada ya karatasi za kung'aa ni tatizo dogo. Yakivaliwa mengi hufika mpaka mdomoni, na flashi ikiyapiga hurudisha mwanga kama kioo cha gari. Pigeni moja nayo kwa ajili ya mama aliyeyanunua, kisha mwombeni kijana ayashushe kidogo, mpige nyingine.

Picha ya darasa zima

Wapangeni safu tatu: mbele wameketi kwenye mabenchi, katikati wamesimama, nyuma wamesimama juu ya mabenchi, na mtu mzima akague mabenchi hayo kwanza. Mpiga picha naye apande juu ya kiti kilicho imara. Ukiwa juu, wote wanainua nyuso kukutazama, na mwanga wa anga unaingia chini ya nyusi. Tazama ilivyo rahisi, na bado wengi hupiga wakiwa wamechuchumaa. Msiwatandaze mpaka ukingoni mwa picha, maana simu huvuta nyuso za pembeni zikawa pana. Rudini nyuma mbakize nafasi. Kisha gusa uso wa yule aliyeiva rangi kuliko wote, upime kwake. Akionekana yeye, wataonekana wote.

Kufumba macho ni balaa la kila darasa. Mwaka 2006 Waaustralia wawili, Nic Svenson na Piers Barnes, walipewa tuzo ya mzaha iitwayo Ig Nobel kwa hesabu yao ya jambo hili, lakini hesabu yenyewe ni ya kweli na inafaa. Kundi likiwa chini ya watu 20, gawa idadi yao kwa 3 kama mwanga ni mzuri, na kwa 2 kama ni hafifu. Hizo ndizo picha unazohitaji ili moja itoke na macho yote wazi. Watu 18 jioni nzuri, picha 6. Watu 18 ukumbini, picha 9. Kundi likizidi hapo, pigeni nyingi na mwombe uvumilivu.

Dansi ikianza

Ushauri wetu ni kwamba kazi yenu iwe imekwisha kabla ya muziki kuanza. Flashi ya simu hufika hatua mbili au tatu tu. Anayepiga kutoka mlangoni anaangaza migongo ya watu wa karibu, na walio mbali wanabaki gizani. Mtakaopenda kuendelea, ingieni ndani, msogee karibu, mwegemee nguzo ili mkono usitikisike, na mpige pale mchezaji anaposita, maana katika kila mtindo kuna dakika ya kusita. Futeni jasho la paji la uso kwanza, kwa leso, kwa sababu flashi hugeuza jasho kuwa doa jeupe. Poda msiwapake.

Aliyeijua kazi hii kuliko wote alikuwa Malick Sidibé, naye wa Bamako. Baada ya Mali kupata uhuru mwaka 1960 alizunguka kwenye dansi za vijana na kamera ndogo na flashi, usiku huo huo akasafisha mikanda, kisha akabandika picha ndogo ndogo nje ya studio ili vijana waje wajichagulie. Picha yake ya mwaka 1963 ya usiku wa Krismasi inajulikana dunia nzima: kaka amevaa suti nyeupe, dada yake yuko pekupeku, wameinamisha vichwa karibu vigusane, wanaiangalia miguu yao. Nguo ni nyeupe, usiku ni mweusi, na nyuso zote mbili unaziona. Mwaka 2007 alipewa Simba wa Dhahabu huko Venice kwa kazi ya maisha yake, naye alikuwa mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo hiyo.

Ruhusa

Hapa tuwe wakali kidogo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na wahitimu wengi wa kidato cha nne bado hawajafika huko. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayolinda taarifa ziwezazo kumtambulisha mtu. Na hakuna kinachomtambulisha mtu kuliko uso wake. Lakini hata bila sheria, picha ya binti anayecheza dansi, iliyokatwa vibaya na kurushwa kwenye makundi ya simu, inaweza kumfuata mpaka siku ya posa.

Kwa hiyo mwulizeni mwalimu wa zamu kabla ya kuanza. Mwulizeni kijana mwenyewe. Akisema hapana, ni hapana, wala asitaniwe. Picha ya kukunja sketi, ya kuanguka, ya kulia, ifutwe hapo hapo akiona. Nanyi msiweke picha ya mtoto wa mtu mahali pa watu wote kabla mzazi hajaiona.

Zoezi

Jumamosi moja kabla ya mahafali, kutaneni vijana watatu: mmoja wa maji ya kunde, mmoja aliyeiva zaidi, wote na mashati meupe, na wa tatu mwenye simu. Pigeni saa 7 mchana katikati ya uwanja bila kugusa chochote. Pigeni tena saa hiyo hiyo barazani, mkigusa uso. Rudini saa 11 na nusu jioni, mpige mara ya tatu. Wekeni picha tatu pamoja mkazitazame bila kuzikuza. Ni zoezi la nusu siku, nasi hatujui mahubiri yoyote juu ya mwanga yanayofundisha haraka namna hiyo.

Kusafisha na kutunza

Simu huanguka mtoni, huibwa stendi, huharibika. Picha ya karatasi hukaa. Kwa picha ya inchi 4 kwa 6 iliyo safi mnahitaji nukta 1200 kwa 1800, na karibu kila simu ya sasa inazidi hapo. Lakini mkiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa. Itumeni kama dokumenti, au pelekeni kadi ya simu yenyewe dukani. Mwambieni fundi asiongeze weupe wa nyuso. Wengine hufanya hivyo kwa wema, wakidhani wanawasaidia.

Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na baada yake mwanawe Rohit akazitunza kazi za baba. Kwa utunzaji huo watu wa leo wanaweza kuiona Zanzibar ya babu zao. Sisi hatuna studio ya miaka mingi hivyo hapa Nyakanazi, kwa hiyo kila nyumba iwe na bahasha yake, mahali pakavu, mbali na jua na mchwa.

Na majina yaandikwe siku ile ile, kabla vijana hawajapanda mabasi: safu ya mbele kwanza, toka kushoto kwenda kulia, kisha shule na mwaka. Yaandikwe kwenye karatasi nyingine na kuwekwa pamoja na picha, kwa sababu wino wa kalamu nyuma ya picha hupenya, na picha zikilaliana humchafua usoni yule aliye chini.